Karatasi Ilisema Nimeridhika

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilizaliwa Maragoli nikiwa na mikono miwili kama ninyi nyote, na mpaka msimu ule wa mavuno nilikuwa nayo yote miwili. Leo nina mmoja. Haya nayaandika kwa huo mmoja, polepole, na leo ni Jumapili ya tatu tangu nianze.

Sitaki mnionee huruma, wasomaji wenzangu. Huruma nimepewa ya kutosha, tena na watu wale wale walioninyima haki yangu. Ninachotaka ni msikie jinsi nilivyoumizwa na kitu ambacho misumari minne ingalikizuia, na jinsi mume niliyefunga naye ndoa kanisani alivyonigeuka nikiwa kitandani hospitali.

Mume wangu aliitwa Zefania. Nilikuwa na miaka ishirini aliponioa na kunileta Uasin Gishu, kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Kapseret. Yeye alikuwa dereva wa trakta pale. Mzungu huyo tulimwita Bwana Tumbaku, kwa maana kiko hakikutoka mdomoni mwake. Jina lake hasa sitaliandika.

Zefania hakuwa mtu mbaya. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli. Hakuwa mlevi, hakunipiga, na siku za Jumapili alikuwa akimbeba binti yetu Finasi begani mpaka kanisani. Aliipenda trakta ile kuliko nguo zake. Alikuwa na ndoto moja tu, kwamba Bwana Tumbaku akinunua trakta mpya, yeye ndiye atakayepewa usukani.

Mimi nilifanya kazi ya shamba kama wanawake wengine. Wanaume walikuwa na vipande vyao, yaani vyeti vya kazi vyenye jina na alama za vidole. Sisi wanawake hatukuwa na kipande. Tuliandikwa kwa penseli kwenye tiketi ya kazi, na siku ulizokosa zilikatwa.

Mavuno yalipofika, mahindi yalipukuchuliwa kwa mashine. Trakta ilisimama huku, mashine kule, na katikati mkanda mrefu wa ngozi ulizunguka kwa kasi ukiendesha mashine. Mahali mkanda ulipoingia kwenye gurudumu la mashine palikuwa na kifuniko cha bati. Kazi yangu ilikuwa kuvuta magunzi kwa reki kutoka chini ya mashine, karibu kabisa na bati lile.

Siku moja magunzi yalikwama. Wanaume wakatoa bati ili wazibue... na hawakulirudisha. Liliegemezwa ukutani kwenye ghala, na pale lilikaa siku tisa. Najua ni tisa kwa sababu kila asubuhi nililipita nikienda kuchukua reki.

Siku ya pili ya siku hizo, mkanda ulinasa shati la mwanaume mmoja ukalichana mgongoni mpaka chini. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Jioni nilimwambia Zefania amwombe Bwana bati lirudishwe. Akamwuliza kweli, na jibu la Bwana Tumbaku, kwa Kiswahili chake cha shamba, lilikuwa hili: "Hii mahindi hapana ngoja bati. Maliza kwanza."

Nami nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa tiketi yangu isikatwe. Niliogopa kuitwa mwanamke wa maneno mengi. Hilo ndilo kosa langu mimi, na sitalificha.

Siku ya tisa kulikuwa na baridi ile ya Eldoret ambayo umande wake huchoma vidole. Nilivaa koti kuukuu la Zefania, mikono yake mirefu kuliko yangu. Niliinama na reki. Nikasikia kitu kikivuta mkono wa koti, kama mtoto anayekuvuta akitaka kukuambia jambo. Halafu nikasikia nikinyanyuliwa...

Sitaeleza yaliyofuata. Nakumbuka sauti ya Tapsubei, mama Mnandi tuliyefanya kazi pamoja, akiita "Zima! Zefania, zima!" Nakumbuka niliona viatu vya watu tu. Walinifunga jeraha kwa gunia, wakanilaza kwenye lori juu ya magunia ya posho, na Tapsubei akapanda nami bila kuomba ruhusa. Njia yote mpaka mjini alikishika kichwa changu mapajani mwake. Jioni ya siku hiyo hiyo, katika hospitali ya Waafrika, daktari aliukata mkono wangu wa kushoto chini kidogo ya kiwiko.

Nililala hospitali majuma sita. Majuma mawili ya kwanza nilikuwa na homa kali. Nilisema maneno yasiyo na maana, nikamwita marehemu baba, nikaomba nipewe reki yangu. Zefania alikuja mara mbili tu. Mara ya kwanza sikumtambua vizuri. Mara ya pili alileta sukari na maziwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama dirishani muda wote.

"Bwana anakusalimu," aliniambia. "Anasema pole."

"Bati limerudishwa?" nilimwuliza.

Alisema lazima aende, trakta inamngoja.

Aliyenifungua macho alikuwa dresa wa wodi yetu, mtu mzima kutoka Bunyore, mpole sana. Siku moja akinibadilisha bendeji alisema, "Mama, siku hizi iko sheria. Mtu akiumia kazini, mwenye kazi lazima amlipe fidia. Ukitoka hapa, pitia ofisi ya leba, ile ya mambo ya wafanyakazi, useme habari yako. Usikawie."

"Hata mwanamke?" nilimwuliza.

"Wewe ulikuwa kazini ama ulikuwa unatembea?"

"Nilikuwa kazini."

"Basi."

Lakini sikwenda leba siku niliyotoka. Nilitaka kwanza kumwona mtoto wangu. Tapsubei alikuwa amemtunza Finasi siku zote hizo pamoja na watoto wake. Finasi alikuwa na miaka mitatu. Aliponiona alikuja mbio, halafu akasimama hatua mbili mbele yangu. Alitazama mahali mkono ulipokuwa. Kisha akarudi nyuma, akajificha kwenye nguo za Tapsubei. Wasomaji, kisu cha daktari hakikuniuma kama hatua zile za mtoto kurudi nyuma.

Jioni nilimweleza Zefania maneno ya dresa. Nilidhani atafurahi. Aliweka kikombe chini.

"Hiyo shauri imekwisha," alisema.

"Imekwisha vipi?"

"Wewe mwenyewe uliridhika. Uliweka kidole kwenye karatasi ya Bwana kule hospitali. Sasa Bwana anasema mtu asiyefanya kazi hawezi kukaa kwenye kambi. Nenda kwa mama yako kwa muda. Mtoto pia. Mimi nitatuma kitu kila mwezi."

Niliweka kidole? Lini? Sikukumbuka. Lakini ni mambo mangapi ya siku zile za homa ambayo sikuyakumbuka? Huenda niliweka kweli. Huenda mtu alinishika mkono na kuuongoza... Siku tatu niliishi na wazo hilo. Ni jambo baya sana, ndugu zangu, kufanywa ushuku akili yako mwenyewe.

Siku ya nne nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Tumbaku. Alinisimamisha nje ya veranda. Alitoa karatasi akanionyesha kwa mbali, alama ya kidole nyeusi chini yake. "Kidole iko hapa," alisema. "Wewe nakubali. Wewe naambiwa hapana karibia mashine, na wewe nakaribia. Mimi nalipa daktari kwa huruma. Sasa kwenda."

Niliuliza kama naweza kuishika. Alicheka, akaingia ndani.

Kicheko kile ndicho kilichoniamsha. Kama angenipa pole ya uongo, labda ningefunga mzigo wangu nikarudi Maragoli kulia kwa mama. Lakini alicheka. Nilikwenda kwa Tapsubei nikamwambia, "Kesho nakwenda leba. Nishikie mtoto." Yeye alisema tu, "Ondoka mapema, jua lisikukute njiani."

Nilitembea kutoka Kapseret mpaka Eldoret, ule mji ambao wengi pale shambani waliuita Sisibo. Kidonda kilikuwa bado kinapiga kama moyo. Karani wa mlangoni alinitazama akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini. Akasema nirudi na mume wangu. Nikamwambia mume wangu hakukatwa mkono. Akasema ningoje nje.

Nilingoja mpaka ofisi ikafungwa. Nililala kwa mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akiishi karibu na mto Sosiani, na asubuhi nikarudi, nikakaa pale pale kwenye ngazi. Watu waliingia na kutoka wakiniruka miguu. Saa sita ofisa mwenyewe, mzungu kijana, alitoka kwenda kula. Akamwuliza karani, "Huyu ni nani?"

Sikungoja karani ajibu. Nilisimama nikasema kwa sauti, "Mimi ni mtu aliyeumia kazini na hajasikilizwa."

Alinisikiliza. Alirudi ndani kabla ya kula, na kwa hilo namshukuru. Aliandika kila kitu: mkanda, bati, siku tisa, shati lililochanika. Kisha akasema atawaita Bwana Tumbaku na mashahidi wangu. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeona ambaye hataogopa kusema.

Hapo niliinamisha kichwa. Wanaume wote wa pale walihitaji kazi yao. Tapsubei na mumewe walikuwa wakikaa shambani na ng'ombe wao kwa ruhusa ya Bwana. Akisema neno, ng'ombe watakwenda wapi? Nilirudi nikamweleza yote, nikamwambia hana lazima.

Alikuwa akikamua. Aliendelea kukamua mpaka akamaliza. "Niliona kwa macho yangu," alisema. "Nikisema sikuona, nitayapeleka wapi macho haya?"

Siku ya kusikilizwa ilifika. Tulikaa kwenye benchi upande mmoja, mimi na Tapsubei. Upande wa pili alikaa Bwana Tumbaku, kiko mkononi, na nyuma yake alisimama mume wangu Zefania. Alikuja kuwa shahidi wa Bwana wake! Alivaa shati alilofungia ndoa. Hakunitazama hata mara moja.

Alisema kazi yangu ilikuwa nje kabisa, mbali na mashine. Alisema alinionya mara nyingi nisikaribie. Alisema bati lilikuwa mahali pake, na huenda mimi ndiye niliyelitoa. Maneno hayo yalitoka kwenye kinywa kilichokuwa kikisali pamoja nami kila jioni... Tapsubei alipoitwa alieleza mambo yote kama yalivyokuwa, polepole, kwa Kiswahili chake kidogo, wala hakubabaika.

Ndipo Bwana Tumbaku akatoa karatasi yake. Mkalimani aliisoma. Ilisema kwamba mimi, nikiwa na akili timamu, nakiri kwamba niliumia kwa uzembe wangu, kwamba nimeridhika, na kwamba sina madai yoyote. Ofisa aliniuliza kama kidole kile ni changu.

"Nilikuwa na homa," nilijibu. "Sikumbuki. Naomba nielezwe, iliandikwa lini?"

Mkalimani akasoma tarehe. Nilihesabu. Ilikuwa siku ya tano tangu kuumia kwangu.

"Na hicho ni kidole gani?"

Chini ya alama, karani wa shamba alikuwa ameandika kama alivyozoea kuwaandikia wanaume wote. Mkalimani akasoma, "Dole gumba la kushoto."

Kisha akasikia alichokisoma.

Nilifungua shuka niliyojitanda. Sikusema kwa hasira. Nilisema, "Mkono wangu wa kushoto ulikatwa jioni ile ile nilipoletwa hospitali. Siku ya tano ulikuwa umekwisha kuzikwa. Dresa anajua ulikozikwa. Mwulizeni huyo bwana alikipata wapi kidole changu."

Ofisa aliichukua karatasi akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Halafu akamgeukia Zefania akasema, "Nipe kipande chako."

Zefania alikitoa mfukoni. Kikamponyoka, kikaanguka sakafuni. Aliinama kukiokota na hakuinuka tena. Akiwa amepiga magoti pale chini alisema, "Ni changu, bwana. Kidole ni changu."

Alieleza yote. Bwana alimpa karatasi aje aniwekeshe kidole hospitali. Alimwambia kwamba shauri likifika leba, yeye Zefania ndiye atakayelaumiwa, maana ndiye aliyewasha trakta siku ile. Lakini shauri likiisha kimya kimya, trakta mpya ni yake. Alikuja mpaka mlango wa wodi, akaniona ninavyohangaika na homa, akashindwa kuingia. Akaketi nje chini ya ukuta, akaweka kidole chake mwenyewe.

"Niliogopa," alisema. "Rasoa, niliogopa."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kunitazama siku ile. Na mimi niliogopa, Zefania. Niliogopa kwenye lori, niliogopa mbele ya daktari, niliogopa mtoto wangu aliponikimbia. Je, hofu yangu ilimdhuru nani ila mimi mwenyewe?

Bwana Tumbaku alisema yeye hajui lolote, alitoa karatasi tu. Hakufungwa. Aliyefungwa na korti ni Zefania, miezi mitatu, kwa kughushi. Mwajiri aliamriwa anilipe fidia kama sheria isemavyo, na bati lilirudishwa kwenye mashine kwa misumari minne. Ndiyo, mzungu alilala nyumbani kwake na mume wangu akalala jela. Mkiniuliza kama hiyo ni haki kamili, nitawaambia siyo. Lakini mngenikuta wapi leo kama ningekataa haki nusu kwa kungoja nzima?

Hata siku ya kupokea fidia haikupita hivi hivi. Karani yule yule wa mlangoni alisema fedha za mwanamke hupokewa na mume au baba. Nilimwuliza, "Mkono uliokatwa ulikuwa wa mume au wa baba?" Ofisa alisikia kutoka ndani, akacheka, akaamuru nipewe mimi mwenyewe. Nilitia sahihi kwa mkono wa kulia, jina langu lote, herufi nilizofundishwa na misheni kabla sijaolewa.

Bei nyingine ililipwa na mtu ambaye hakuwa na deni lolote. Mwezi ule ule, Tapsubei na mumewe waliambiwa waondoe ng'ombe wao shambani. Nilikwenda leba kwa ajili yao, nikaenda kwa DC, mkuu wa wilaya, nikaambiwa mwenye shamba ana ruhusa ya kumtoa mtu kwenye ardhi yake. Walihamia kwa ndugu zao Nandi. Nilimpa Tapsubei sehemu ya fidia yangu, akakataa, nikaiacha mlangoni mwake akiwa kisimani. Hilo bado linaniuma kuliko kidonda.

Sasa naishi hapa mjini Eldoret na binti yangu. Nauza uji na viazi kwa wafanyakazi wa viwandani, na kwa mkono mmoja nimejifunza kumenya, kufua, na kusuka nywele za Finasi yeye akinishikia ncha. Siku hizi ananishika kigutu tukitembea njiani kana kwamba ni mkono kamili. Zefania alipotoka jela alimtuma mzee wa kanisa aje kutupatanisha. Nilimjibu kwamba nimemsamehe, na kwamba sitarudi. Mzee alisema hayo hayaendi pamoja. Nikamwambia kwangu yanaenda.

Wasomaji wenzangu, mnaofanya kazi kwenye viwanda vya mbao, kwenye magome ya miti ya miwati, kwenye mashine za ngano na mahindi: ukiona kifuniko kimetolewa, sema. Ukijibiwa vibaya, sema tena, na uwaombe wenzako waseme nawe, kwa maana mimi nilisema mara moja, kupitia kinywa cha mtu mwingine, na haikutosha. Ukiumia, tafuta aliyeona. Kumbuka siku. Usikubali karatasi usiyosomewa neno kwa neno na mtu asiyekula kwa mwenye karatasi. Na wewe mume, au ndugu, utakayeambiwa umnyamazishe mgonjwa wako ili upate cheo, kumbuka kwamba trakta ile mpya ilinunuliwa kweli, na ikaendeshwa na mtu mwingine.

Watakuambia ni bahati mbaya. Watakuambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasali kila siku, na bado sijaona mahali Mungu alipoagiza bati liegemezwe ukutani. Msiwaamini. Inukeni mwende mkaseme, hata kama ni kwa miguu, hata kama mtaambiwa mngoje nje. Ngojeni. Ngazi za ofisi ni za kila mtu.